Kupima Wepesi wa Wanamichezo kwa Simu

Kinachopimwa

Wepesi ni uwezo wa mwanamichezo kubadili kasi au mwelekeo wa mwili mzima kwa haraka, akijibu jambo lililotokea mbele yake: mpira uliopigwa, mwenzake aliyejitenga, mpinzani aliyeegemea upande mmoja. Fasili hii, iliyotolewa na watafiti Sheppard na Young mwaka 2006, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwili: kukimbia, kufunga breki, kugeuka na kuchomoka tena. Ya pili ni ya macho na akili: kuona, kutambua na kuamua.

Majaribio mengi yanayoitwa ya wepesi hupima sehemu ya kwanza peke yake. Mchezaji anayejua tangu mwanzo kwamba atageuka kwenye koni ya pili hana cha kuamua, kwa hiyo muda wake unaeleza ustadi wa kubadili mwelekeo tu. Tofauti hiyo ina uzito uwanjani. Mwaka huohuo wa 2006, Sheppard na wenzake waliwapima wachezaji wa kandanda ya Australia na kukuta kuwa mbio za moja kwa moja na mabadiliko ya mwelekeo yaliyopangwa hayakuwatenganisha wachezaji wa daraja la juu na wa daraja la chini. Jaribio lililowalazimu kumsoma mtu aliyesimama mbele yao ndilo lililowatenganisha.

Kocha ana maswali matatu ya kujibu kabla ya kuitoa simu mfukoni. Mchezaji ana kasi kiasi gani akikimbia moja kwa moja? Hupoteza muda kiasi gani anapogeuka? Huchukua muda gani kusoma kinachotokea na kukijibu? Simu inaweza kupima yote matatu, lakini kila swali lina jaribio lake.

Simu inavyopima muda

Njia ya kutegemewa zaidi ni video. Video ni mfululizo wa picha, yaani fremu, zinazopigwa kwa vipindi sawa. Zikihesabiwa fremu zilizopita kati ya mwanzo na mwisho wa tukio, kisha zikagawanywa kwa idadi ya fremu za kila sekunde, jibu ni muda. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde huacha pengo la sekunde 0.033 kati ya picha moja na nyingine. Ya fremu 60, sekunde 0.017, ya fremu 120, sekunde 0.008, na ya fremu 240, sekunde 0.004. Mchezaji anayekwenda mita 6 kwa sekunde husogea sentimita 20 kati ya fremu mbili za kamera ya 30, lakini sentimita 2.5 tu mbele ya kamera ya 240. Kwa majaribio mafupi ya kugeuka, fremu 240 ndizo zinazofaa, na 120 zinatosha pale ambapo hakuna simu bora.

iPhone zilianza kupiga fremu 120 kwa toleo la 5s mwaka 2013, na 240 kwa toleo la 6 mwaka 2014. Simu nyingi za Android za bei ya kati nazo zina hali ya mwendo wa polepole yenye fremu 120 au 240. Baadhi ya simu, hasa za bei nafuu, hujaza nafasi kwa kurudia fremu au kuzibuni, hivyo namba iliyoandikwa kwenye mipangilio isiaminiwe kabla ya kuhakikiwa. Uhakiki ni rahisi: saa ya kidijitali inayokimbia kwenye kioo cha simu nyingine hurekodiwa kwa sekunde 10, kisha fremu zinahesabiwa. Kamera ya kweli ya 240 itatoa fremu 2,400 hivi. Fremu mbilimbili zikionekana kufanana kabisa wakati kitu kinachorekodiwa kinasogea kwa kasi, kama mtu anayekimbia, kamera inapiga nusu ya idadi inayodai. Hali ya fremu 960 inayotangazwa kwenye simu fulani haifai, kwa kuwa hudumu kwa sehemu ndogo tu ya sekunde na mara nyingi huwa na fremu za kubuniwa.

Njia nyingine za kupima muda zina udhaifu unaopaswa kujulikana. Stopwachi, iwe ya mkononi au ya kwenye simu, hutegemea kidole cha mpimaji. Katika riadha, muda wa mkono wa mbio za mita 100 na 200 huongezwa sekunde 0.24 ili ulinganishwe na wa kielektroniki. Kosa la sekunde 0.2 katika jaribio linalomalizika kwa sekunde 2.4 ni zaidi ya asilimia 8, kiasi kinachoweza kuficha maendeleo ya msimu mzima. GPS ya simu kwa kawaida husoma mahali mara moja kwa sekunde na hukosea kwa mita kadhaa. Jaribio la kugeuka huisha ikiwa imepata nukta mbili au tatu tu. Vihisi vya mtikisiko vilivyomo ndani ya simu vinaweza kuhesabu hatua, lakini simu iliyofungwa kiunoni huchezacheza, na makosa madogo hujumlishana haraka yanapogeuzwa kuwa umbali.

Aina za programu

Programu zinazotumika kwa kazi hii ziko katika makundi matatu. La kwanza ni la programu zinazomwachia mpimaji achague fremu ya kuanza na ya kumaliza. CODtimer, iliyotokana na kazi ya mtafiti wa Hispania Carlos Balsalobre-Fernández, ni ya kundi hili. Ilitengenezwa kwa ajili ya jaribio la kwenda mita 5, kugeuka na kurudi mita 5, ikitumia video ya fremu 240 ya iPhone. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2019 uliilinganisha na malango ya mwanga, yaani vifaa vya kielektroniki vinavyosimamisha saa mchezaji anapokata miale, na vipimo vya pande mbili vilikaribiana sana. MySprint, yenye asili hiyohiyo, hushughulikia mbio za moja kwa moja.

Kundi la pili ni la programu zinazoigeuza simu kuwa lango. Photo Finish huitumia kamera kumtambua mtu anayekatiza mbele yake, na simu kadhaa zinaweza kuunganishwa ili moja iwe lango la kuanzia na nyingine la kumalizia. Faida yake ni kwamba matokeo hutoka papo hapo, jambo linalosaidia panapokuwa na wachezaji wengi. Hasara yake ni kwamba simu haichagui kiungo cha mwili: mkono uliotangulia au mtu aliyepita nyuma anaweza kuisimamisha saa.

Kundi la tatu ni la zana za jumla zisizolipiwa. Phyphox, ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, huruhusu vihisi vya simu vitumike kwa majaribio ya kila aina, na ina saa inayoanza na kusimama kwa sauti. Kinovea ni programu ya kompyuta yenye Windows inayosogeza video fremu kwa fremu na kuhesabu muda. Kocha mwenye simu ya Android inayopiga fremu 240 na kompyuta yenye Kinovea ana kila anachohitaji kwa majaribio yanayofuata, bila kununua programu yoyote.

Kuchagua jaribio

Jaribio la 505 ndilo linalofaa zaidi kwa simu. Mchezaji hukimbia mita 10 ili kupata kasi, huvuka mstari wa lango, huendelea mita 5 hadi mstari wa kugeukia, hugeuka nyuzi 180 kwa mguu mmoja, kisha hurudi na kuvuka lango tena. Kinachopimwa ni zile mita 5 za kwenda na 5 za kurudi. Kwa kuwa lango la kuanza ndilo la kumaliza, simu moja inatosha. Tena kuna mgeuko mmoja tu, hivyo mguu wa kushoto na wa kulia hupimwa kila mmoja peke yake. Panapokosekana nafasi, mchezaji anaweza kuanza akiwa amesimama kwenye mstari wa lango, lakini matokeo ya mtindo huo hayalinganishwi na ya 505 kamili.

Jaribio la 5-10-5, linalojulikana zaidi kupitia kandanda ya Marekani, lina migeuko miwili: mita 4.57 upande mmoja, mita 9.14 upande wa pili, kisha kurudi katikati. Jaribio la T hutumia koni nne. Mchezaji hukimbia mita 9.14 kwenda mbele, husogea kimbavu mita 4.57 upande mmoja, mita 9.14 upande wa pili na mita 4.57 kurejea katikati, kisha hurudi kinyumenyume hadi alipoanzia. Linaifaa michezo yenye mwendo wa ubavu, kama mpira wa kikapu na netiboli. Jaribio la Illinois, kwenye eneo la mita 10 kwa 5, huanza mchezaji akiwa amelala kifudifudi na hujumuisha kupita katikati ya koni nne kwa kujipinda. Ni refu kuliko mengine, na mbio za moja kwa moja na ustahimilivu hufunika sehemu kubwa ya ustadi wa kugeuka.

Yaliyobaki katika mwongozo huu yanahusu 505, pamoja na jaribio fupi la mwitikio. Kanuni zake za kuweka simu na kusoma video zinatumika pia kwa majaribio mengine.

Kuandaa uwanja na simu

Uwanja uwe tambarare na mkavu, na uwe uleule kila mara. Muda uliopatikana kwenye nyasi haulinganishwi na wa kwenye udongo au sakafu ya ukumbi, na viatu vya njumu havilinganishwi na raba. Umbali upimwe kwa tepu, si kwa hatua za miguu. Mstari wa kuanzia huchorwa kwenye mita 0, wa lango kwenye mita 10, na wa kugeukia kwenye mita 15, kwa chokaa au utepe. Baada ya mstari wa kugeukia ziachwe mita kadhaa zisizo na ukuta, jiwe wala mtaro.

Simu huwekwa kwenye stendi, kwa urefu wa nyonga za mchezaji, ikiwa imelazwa kwa upana. Mahali pake ni kwenye mwendelezo wa mstari wa lango, kama mita 8 kutoka njia ya kukimbilia. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Simu ikiwa mbele au nyuma ya mstari huo, huutazama mstari kwa mshazari, na mchezaji huonekana amevuka kabla au baada ya kuvuka kweli. Ili kuepuka hilo, vigingi viwili vyembamba husimamishwa juu ya mstari wa lango, kimoja upande wa simu na kingine ng’ambo ya njia. Simu husogezwa mpaka vigingi vyote viwili vionekane kama kimoja kwenye kioo. Baada ya hapo inaweza kuzungushwa kidogo kuelekea mstari wa kugeukia, ili mguu unaogeuka nao uonekane. Kuzungusha hakuharibu kitu maadamu stendi haijahama.

Mbio za mita 10 za moja kwa moja, ambazo zitahitajika kwa hesabu, hupangwa kwa namna nyingine, kwa kuwa mwanzo na mwisho wake viko mahali tofauti. Simu huwekwa mkabala wa mita ya 5, umbali wa mita 10 kutoka mstari anaoufuata mkimbiaji. Vigingi viwili vya kuonyesha mwanzo na mwisho husimamishwa upande wa simu, mita 1 kutoka mstari huo. Kwa kuwa viko karibu zaidi na simu kuliko mkimbiaji, vikiwekwa sawasawa na mita 0 na mita 10 vitadanganya. Hesabu ya pembetatu zinazofanana husahihisha: mita 5 zikizidishwa kwa 9 na kugawanywa kwa 10 ni mita 4.5. Kila kigingi basi kisimame mita 4.5 kutoka katikati, yaani kisogezwe ndani sentimita 50. Nyonga za mkimbiaji zikilingana na kigingi kwenye picha, ndipo zilipo juu ya mstari wa kweli.

Mwanga ni jambo jingine. Kwenye fremu 240, kila picha hupata mwanga kwa muda usiozidi sekunde 0.004, hivyo giza la magharibi hutoa picha chafu, na baadhi ya simu hupunguza fremu zenyewe bila kutoa taarifa. Asubuhi na alasiri, jua likiwa nyuma ya simu, ndio wakati bora. Ndani ya ukumbi, taa za umeme wa hezi 50 unaotumika Afrika Mashariki zinaweza kupepesa mara 100 kwa sekunde na kuifanya video iwake na kufifia. Video ya majaribio ipigwe kwanza. Nafasi ya kuhifadhi nayo ikaguliwe, maana dakika moja ya fremu 240 kwa ubora wa 1080p inaweza kuchukua karibu MB 480.

Siku ya jaribio

Wachezaji hupasha mwili moto kwa dakika 10 hadi 15, wakimalizia na mbio fupi na migeuko michache ya nguvu inayoongezeka. Kila mmoja apewe nafasi ya kulijaribu 505 mara mbili au tatu bila kupimwa, kwa sababu asiyelijua jaribio huonekana kupiga hatua wiki ijayo kwa kulizoea tu. Mchezaji mwenye maumivu ya goti, kifundo au nyonga asipimwe. Mgeuko wa nyuzi 180 huzitwika kano za goti mzigo mkubwa, na anayetoka kwenye jeraha anahitaji ruhusa ya daktari au mtaalamu wa viungo.

Kwa mbio za mita 10, mguu wa mbele huwekwa sentimita 50 nyuma ya mstari, na mchezaji huanza anapokuwa tayari. Hakuna haja ya filimbi, kwa kuwa muda huanza nyonga zinapovuka mstari. Filimbi ingeongeza muda wa kusikia na kuitikia, na mita 10 kutoka kwa mpulizaji sauti yenyewe huchelewa kwa sekunde 0.03, sawa na fremu 7 za kamera ya 240.

Katika 505, mchezaji aambiwe waziwazi mambo mawili: akimbilie lango kwa kasi yote bila kujihifadhi, na mguu unaogeuka uguse au uvuke mstari wa mita 15. Mgeuko ulioishia kabla ya mstari haukubaliwi. Hufanywa mara tatu kwa kila mguu, kwa kupishana, na mapumziko ya dakika 2 hadi 3. Kabla ya kila mbio, kadi yenye jina au namba ya mchezaji, mguu na idadi ya jaribio huonyeshwa mbele ya kamera. Bila kadi hiyo, video za timu nzima huchanganyika.

Kusoma video

Kiungo kimoja cha mwili huchaguliwa na kutumiwa kila mara. Nyonga zinafaa kuliko kichwa au kifua, kwa sababu mchezaji anayekaribia kugeuka hunyoosha kifua mbele au kukirudisha nyuma, ilhali nyonga hazichezi sana. Fremu ya kuanza ni ya kwanza ambayo katikati ya nyonga imefika kwenye kigingi au kukipita. Ya kumaliza huchaguliwa kwa kanuni hiyohiyo wakati wa kurudi.

Tuseme nyonga zimevuka kwenye fremu ya 412 na kurudi kwenye fremu ya 996. Tofauti ni fremu 584. Zikigawanywa kwa 240, muda ni sekunde 2.43. Ikihitajika, fremu za mguu kugusa ardhi na kuiacha wakati wa kugeuka nazo huandikwa. Zikiwa 108, mguu ulikaa chini kwa sekunde 0.45.

Mitego miwili hujirudia katika hatua hii. Simu nyingi huhifadhi video ya fremu 240 kama video ya kawaida ya fremu 30 iliyorefushwa mara nane, na programu isiyojua hilo itasoma sekunde 19 badala ya 2.4. Katika Kinovea, kasi halisi ya kurekodi huandikwa kwenye mipangilio ya video. Kwingineko, jibu hugawanywa kwa 8. Mtego wa pili ni WhatsApp. Video iliyotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na fremu nyingi hupotea. Itumwe kama faili la hati, au ihamishwe kwa waya.

Mtu mmoja asome video zote za kikosi, na baada ya siku chache azisome upya video kadhaa bila kutazama majibu ya kwanza. Usomaji wa pili ukitofautiana na wa kwanza kwa zaidi ya fremu mbili au tatu, kanuni ya kuchagua fremu haijaeleweka vizuri.

Kutenganisha kasi na kugeuka

Muda wa 505 pekee humpendelea mwenye mbio. Chukua mfano wa wachezaji wawili. Wa kwanza ana 505 ya sekunde 2.40 na mita 10 kwa sekunde 1.75. Wa pili ana 505 ya sekunde 2.42 na mita 10 kwa sekunde 1.90. Kwa kutazama 505, wa kwanza ndiye bora. Lakini muda wa mita 10 ukitolewa kwenye muda wa 505, wa kwanza anabaki na sekunde 0.65 na wa pili na sekunde 0.52. Salio hili, yaani gharama ya kugeuka, linaonyesha kwamba wa pili anageuka vizuri zaidi na kinachomrudisha nyuma ni kasi. Wa kwanza anafunika udhaifu wa kugeuka kwa miguu myepesi.

Ulinganisho wa miguu nao ufanywe kwa salio. Mchezaji mwenye sekunde 2.43 kwa mguu wa kushoto na 2.55 kwa wa kulia ana tofauti ya chini ya asilimia 5, ambayo kocha anaweza kuipuuza. Mita 10 zake zikiwa sekunde 1.85, salio ni 0.58 kwa kushoto na 0.70 kwa kulia: tofauti ya asilimia 17. Sehemu kubwa ya 505 ni mbio za moja kwa moja ambazo miguu yote inazishiriki, na ndizo zilizokuwa zikificha pengo.

Kupima mwitikio

Jaribio la mwitikio linahitaji mtu, si koni. Mchezaji husimama mita 5 kutoka kwa msaidizi anayemtazama uso kwa uso. Vigingi viwili huwekwa mita 5 kulia na kushoto kwa sehemu ya katikati kati yao. Mchezaji huanza kusogea mbele. Msaidizi hupiga hatua moja ya wazi upande mmoja, na mchezaji hukimbilia kigingi cha upande huo na kukigusa kwa mkono. Pande hupangwa mapema kwa karatasi za kura, sawa kwa sawa, ili msaidizi mwenyewe asizoeleke. Mara 8 hadi 12 zinatosha.

Simu huwekwa mita 10 nyuma ya mchezaji na pembeni kidogo, juu kuliko kawaida, mathalani kwenye ngazi za jukwaa, ili mguu wa msaidizi, miguu ya mchezaji na vigingi vyote vionekane. Matukio matatu husomwa: mguu wa msaidizi kugusa ardhi, hatua ya kwanza ya mchezaji kuelekea upande aliouchagua, na mkono kugusa kigingi. Mguso ni tukio lisiloathiriwa na mshazari wa kamera, ndiyo maana unatumika badala ya mstari. Kati ya tukio la kwanza na la pili kuna muda wa kuamua. Kati ya la pili na la tatu kuna muda wa mwendo. Aliyeanza kuelekea upande mmoja kabla ya msaidizi kugusa ardhi ama amebahatisha ama amesoma mwili mapema. Akipatia mara nyingi, huo ni ustadi. Akikosea mara kwa mara, ni kubahatisha. Kwa sababu hiyo idadi ya makosa huandikwa pamoja na muda.

Zipo programu zinazoonyesha rangi au mishale kwenye kioo ili mchezaji aitikie. Zinafaa kwa mazoezi na huchangamsha vijana, lakini mshale haufichi nia wala haulegezi bega. Mchezaji mzoefu, ambaye nguvu yake ni kuusoma mwili wa mpinzani, hapati nafasi ya kuutumia uzoefu huo mbele ya kioo.

Badiliko la kuaminiwa

Muda wa mtu yuleyule hubadilika siku kwa siku hata bila mazoezi. Kocha anahitaji kujua kiasi cha mtikisiko huo kabla ya kutangaza maendeleo. Kikosi hupimwa siku mbili tofauti ndani ya wiki moja, saa ileile, uwanja uleule, bila mazoezi mazito katikati. Kwa kila mchezaji, wastani wa majaribio matatu ya siku ya kwanza hutolewa kwenye ule wa siku ya pili. Mchepuko sanifu wa tofauti hizo, unaotolewa na jedwali la kompyuta kwa amri ya STDEV, huzidishwa kwa 2. Ukiwa sekunde 0.03, kizingiti ni sekunde 0.06: mchezaji aliyeshuka kutoka 2.45 hadi 2.42 hajathibitisha kitu, lakini aliyeshuka hadi 2.36 amebadilika kweli.

Kizingiti hupungua kwa kutumia wastani wa majaribio matatu badala ya muda bora mmoja, na kwa kushikilia masharti yaleyale. Programu nyingine, simu nyingine au msomaji mwingine wa video huhitaji kizingiti kipya. Kwa sababu hiyohiyo, takwimu za timu nyingine hazifai kuwa kipimo cha kumpokea au kumwacha mchezaji, isipokuwa zimepatikana kwa utaratibu uleule.

Video na taarifa za wachezaji

Video ya mchezaji na matokeo yake ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Uganda ina sheria yake ya mwaka huohuo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa wanafunzi na vijana wa akademi, ridhaa ya mzazi au mlezi ipatikane kabla ya kurekodi, ikieleza kinachorekodiwa, sababu yake na watakaokiona. Video zisirushwe kwenye makundi ya timu wala mitandao ya kijamii, na zifutwe baada ya kusomwa, likibaki jedwali la matokeo lenye namba badala ya majina. Ruhusa ambazo programu inaziomba nazo zitazamwe. Ya kupima muda haina sababu ya kusoma orodha ya mawasiliano.

Kutumia matokeo

Kila tatizo lina mazoezi yake. Mwenye muda mrefu wa mita 10 anahitaji nguvu ya miguu na mazoezi ya kuchomoka. Mwenye salio kubwa anahitaji kufundishwa kufunga breki: kushusha nyonga, kufupisha hatua mbili za mwisho kabla ya mgeuko, na kuijenga misuli ya paja kwa mazoezi ya kushuka polepole chini ya uzito. Mwenye pengo kati ya miguu huanzia upande dhaifu akiwa hajachoka. Mwenye muda mrefu wa kuamua hasaidiwi na koni zaidi. Dawa yake ni michezo ya eneo dogo, mmoja dhidi ya mmoja na wawili dhidi ya wawili, ambako kila hatua ni swali jipya.

Kupima tena baada ya wiki 6 hadi 8 kunatosha, kwa kuwa mabadiliko ya nguvu na ustadi huhitaji muda kuonekana wazi. Jaribio lisifanywe kesho yake baada ya mechi, na litangulie mazoezi mengine ya siku hiyo. Pamoja na kila matokeo huandikwa tarehe, saa, hali ya uwanja, viatu, simu, idadi ya fremu na jina la msomaji, ili kocha atakayefuata aweze kulirudia jaribio kama lilivyofanywa.